Uzi maalumu: Vitabu vya magari ya zamani ya Kiingereza, wapi pana ukweli na wapi pana picha tu

#1 Kabureta Mbili (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kuna uzi humu wadau wanabishana kama Mini ilikuwa gari la maana au pambo la vijana wa London. Kurasa nyingi, picha nyingi, na hakuna hata mmoja aliyetaja kitabu. Nimeona nifungue uzi wa vitabu vyenyewe.

Msimamo wangu nautanguliza ili mnipinge vizuri. Vitabu vingi vya magari haya vimeandikwa na watu waliolipenda gari mpaka wakasahau kuuliza limegharimu kiasi gani kulitengeneza na limeuzwa kwa kiasi gani. Ukisoma vya wahandisi tu, utatoka unaamini Waingereza walionewa na Wajapani. Ukisoma vya mahesabu tu, utaamini walikuwa mabwege. Soma vyote viwili, tena kwa gari lile lile.

Chukua Mini. Kwa upande wa mhandisi kuna wasifu wa Alec Issigonis ulioandikwa na Gillian Bardsley, umetoka 2005. Huyu mama alikuwa mtunza nyaraka wa hifadhi ya magari ya Uingereza kule Gaydon, kwa hiyo hakuandika porojo za baa. Alikuwa na barua na michoro yenyewe mkononi.

Issigonis alizaliwa Smyrna, ambayo leo ni Izmir ya Uturuki, mwaka 1906. Baba Mgiriki mwenye uraia wa Kiingereza, mama mwenye asili ya Kijerumani. 1922 vita vikaufikia mji, familia ikapakiwa kwenye meli ya Waingereza, baba akafia Malta njiani. Kijana akafika London na mama yake wakiwa wakimbizi. Akasomea ufundi Battersea na akafeli mtihani wa hesabu mara 3. Shikilieni hilo la hesabu.

Alikuwa mtu wa kuchora kwa mkono. Anachora kipande kwenye karatasi, anampa fundi mchoraji wake Jack Daniels (ndiyo, jina lake halisi), na huyo ndiye anayegeuza mchoro kuwa vipimo vya kiwandani. Morris Minor aliyoibuni ilipokaribia kuingia sokoni 1948, Issigonis aliitazama akaona imebana. Akaamuru gari la majaribio likatwe katikati toka mbele hadi nyuma, mafundi wakazivuta nusu mbili taratibu mpaka akasema hapo hapo. Inchi 4. Shida ni kwamba bampa zilikuwa zimeshatengenezwa, ikabidi nazo zikatwe na kuungwa kipande katikati. Ukikutana na Minor ya mwanzo mwanzo tazama bampa yake, na boneti ina mkanda bapa unaopita katikati kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kampuni, Lord Nuffield, aliiona akasema imefanana na yai lililopikwa bila ganda. Gari hilo hilo likawa la kwanza la Kiingereza kufikisha milioni 1.

Halafu Mini. Mgogoro wa Suez 1956, mafuta yanagawiwa kwa kuponi Uingereza, visigari vya Kijerumani vya magurudumu matatu vinajaa barabarani, bosi wa BMC Leonard Lord anachukia kuviona. Anamwambia Issigonis: nitengenezee gari dogo la kweli, tumia injini tuliyonayo. Jamaa akailaza injini kwa upana, akatia giaboksi chini yake ndani ya sampu (bakuli la oili), vyote vikatumia oili moja. Springi za chuma akaziacha, akaweka koni za mpira za rafiki yake Alex Moulton. Rimu inchi 10, hata Dunlop ilibidi watengeneze tairi mpya. Gari la mita 3 na kidogo, watu wanne wanakaa. Lilizinduliwa 26 Agosti 1959 kwa pauni 496, kodi ndani.

Matatizo ya mwanzo Bardsley hayafichi. Distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, ilikaa mbele nyuma ya grili, mvua ikipiga gari linazima. Sakafu iliungwa upande usio sahihi, maji ya barabarani yakawa yanaingia na kuloanisha zulia.

Sasa upande wa pili, ambao wapenda Mini hawapendi. Ford ya Dagenham walinunua Mini moja, wakaifungua nati kwa nati, wakapigia bei kila kipande. Jibu lao: BMC inapoteza takriban pauni 30 kwa kila gari. Kiasi kamili kinabishaniwa hadi leo, ila kwamba faida ilikuwa kiduchu mno, hilo halibishaniwi. Ford wenyewe wakaja na Cortina 1962, gari la kawaida kabisa, kila senti imehesabiwa kabla chuma hakijakatwa. Wakauza zaidi ya milioni 1 ya toleo la kwanza kwa miaka 4 na wakavuna. Ndiyo Cortina iliyoshinda Safari Rally ya 1964 hapa kwetu, kwa hiyo hata barabara za vumbi hazikuishinda.

Mini ziliundwa zaidi ya milioni 5.3 mpaka Oktoba 2000. Jiulize BMC ingekuwa wapi kama kila moja ingeacha hata pauni 15 ya faida.

Nimeanza. Tupieni vyenu.

#2 Chai ya Rangi

Nakaa siti ya mbele kabisa. Mkuu, hapo nimeachwa kidogo. Morris, Austin, BMC, Nuffield, ni kampuni moja au nne? Kila kitabu nikifungua wanadhani nimezaliwa Birmingham.

#3 Kabureta Mbili (mleta uzi)

Mkuu Chai, swali zuri, na ndilo linaloua wasomaji wengi ukurasa wa 20.

Morris ni William Morris, alianza kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake Oxford akiwa kijana, na mtaji wa pauni 4. Gari lake la kwanza ni la 1913. Alikuja kupewa ulodi, akawa Lord Nuffield, ni mtu yule yule. Hakuwa na mtoto, akagawa kama pauni milioni 30 enzi za uhai wake: vyuo, hospitali, utafiti. Kuna wakati kiwanda chake cha Cowley kiliunda mashine za kupumulia kwa wagonjwa wa polio akazigawa bure kwenye hospitali za Uingereza na makoloni yake, zaidi ya 1,000.

Herbert Austin ni mtu mwingine. Alikuwa Australia akishughulika na mashine za kukata manyoya ya kondoo, akarudi, 1905 akafungua kiwanda Longbridge. Austin Seven ya 1922 aliichora nyumbani kwake, chumba cha biliadi, pamoja na kijana wa miaka 18 aitwaye Stanley Edge, kwa sababu bodi ya kampuni haikutaka kusikia habari za kigari kidogo. BMW gari lao la kwanza lilikuwa hiyo Austin Seven, kwa leseni. Watu wa BMW humu msinune.

Leonard Lord ndiye aliyewaunganisha. Alikuwa meneja wa Morris, wakagombana 1936, inasemekana akaapa atakibomoa kiwanda cha Cowley tofali moja moja. Akaenda Austin. 1952 Austin na Morris zikaungana kuwa BMC, na nani yuko juu? Leonard Lord. Hebu fikiria hali ya watu wa Cowley asubuhi ile.

Matokeo yake ni kwamba kampuni iliungana kwenye karatasi, lakini maduka ya Austin na maduka ya Morris yakabaki na uadui wa zamani. Ili kila mmoja aridhike, gari moja la 1962, lile la 1100, liliuzwa kwa majina 6: Austin, Morris, MG, Wolseley, Riley na Vanden Plas. Grili tofauti, dashibodi tofauti, gari ni lile lile. Lilipendwa sana Uingereza kwa karibu miaka 10 na bado halikuwatajirisha.

#4 MjukuuWaFundi

Mleta mada umeshusha nondo, ila umewaonea. Land Rover je? Pale walihesabu vizuri tu.

Nimekulia Arusha gerejini kwa babu, Land Rover 109, zile ndefu, ndizo zilizonisomesha, kwa hiyo najua ninachosema. Rover walikuwa wanatengeneza magari ya wakubwa. Vita ikaisha, chuma ni cha mgawo, na serikali inampa yule anayeuza nje. Maurice Wilks, mhandisi mkuu, alikuwa na Jeep la jeshi shambani kwake kisiwa cha Anglesey. Kaka yake Spencer, mkurugenzi, akamuuliza hilo likifa utanunua nini? Hakukuwa na kingine cha kununua zaidi ya Jeep jingine. Mwaka 1947, ufukweni Red Wharf Bay, Maurice akachora gari kwenye mchanga.

Tazama walivyobana matumizi. Bodi ni alumini kwa sababu alumini haikuwa na mgawo. Bati ni bapa na kona zimekunjwa tu, kwa sababu hawakutaka kununua mashine ghali za kubonyezea bati. Rangi ya kijani ni masalia ya rangi za ndege za kivita. Walilionyesha Amsterdam 30 Aprili 1948, na wenyewe walidhani ni gari la kupitishia njaa miaka miwili mitatu. Uzalishaji wake ulikuja kusimama kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni 2.

Kitabu changu ni First Overland cha Tim Slessor, 1957. Wanafunzi 6 wa Oxford na Cambridge walitoka London Septemba 1955 na Land Rover mbili za Series I, wakafika Singapore Machi 1956. Dibaji ameandika David Attenborough, alikuwa kijana wa BBC aliyewapa filamu za kupigia picha. Si kitabu cha ufundi, lakini utajifunza zaidi kuhusu springi na chesi (fremu inayobeba gari) kuliko kwenye vitabu vitano vya picha.

Na wale waliokuja Arusha kwenye tamasha la Land Rover Oktoba 2024 waliona wenyewe. Gari la kupitishia njaa, hilo.

#5 Nyundo

Wote mnazunguka mbuyu. Viwanda vya Uingereza viliuawa na migomo, basi. Vyama vya wafanyakazi. Leo mnagoma kwa sababu ya chai, kesho kwa sababu ya vyoo. Hakuna kitabu kitakachobadilisha hilo.

#6 Kabureta Mbili (mleta uzi)

MjukuuWaFundi, nakuunga mkono asilimia zote. Land Rover ndiyo mfano wangu wa kinyume: umaskini uliwalazimisha kuhesabu, na gari likaishi miaka 67. Ongeza tu kwa wanunuzi humu kwamba alumini haishiki kutu lakini chesi ya chini ni chuma, na pale alumini inapokutana na chuma panaliwa haraka. Usidanganywe na bodi inayong'aa, lala chini na nyundo ndogo ugonge chesi.

Mkuu Nyundo, hapo kuna kitabu kinaitwa The Leyland Papers cha Graham Turner, 1971. Kinahusu namna BMC ilivyomezwa na Leyland, kampuni ya malori na mabasi, mwaka 1968, serikali ya Harold Wilson ikisukuma kwa nyuma. Uzuri wake ni tarehe. Kimeandikwa miaka 4 kabla serikali haijalazimika kulinunua shirika zima, 1975. Kwa hiyo mwandishi hajui mwisho, na wahusika aliowahoji hawajaanza kujisafisha. Unawasikia wakubwa wenyewe wakieleza walivyokutana, walivyodanganyana nguvu ya vitabu vyao vya hesabu, na jinsi watu wa Leyland walivyoingia ndani na kukuta hakuna gari jipya la maana linaloandaliwa. Yote hayo ni maamuzi ya ofisini. Hakuna mgomo uliosahau kuandaa gari jipya.

Migomo ilikuwepo na ilikuwa mikubwa, sikatai. Kwa hiyo sehemu soma Back from the Brink cha Michael Edwardes, 1983. Mzaliwa wa Afrika Kusini, aliletwa 1977 kulifufua British Leyland, shirika lililotokana na muungano huo, akafunga viwanda, na 1979 kiongozi wa wafanyakazi wa Longbridge, Derek Robinson, akafukuzwa. Ni kitabu cha bosi anayejieleza, kisome ukijua hivyo. Hata kufunga kiwanda cha MG cha Abingdon, 1980, anakueleza kwa utulivu wa mtu anayefuta mstari kwenye daftari.

#7 Thika Superhighway

Watu wa bara nyinyi mnasahau kitu. Leyland hawakuwa mbali na sisi. Leyland Kenya waliunda Land Rover na malori pale Thika tangu miaka ya 70, kiwanda chenyewe sasa hivi ni KVM (Kenya Vehicle Manufacturers). Kwa hivyo kile kilikuwa kinapangwa ofisini Uingereza kilifika mpaka kwa fundi wa Thika akingoja vipuri.

Nyundo, wewe soma Working for Ford cha Huw Beynon, 1973. Jamaa alikaa na wafanyakazi wa kiwanda cha Halewood, Liverpool. Utaelewa mbona mtu anagoma: mkanda unakimbia, meneja anauongeza kasi, hata kwenda haja unaomba ruhusa. Na angalia vizuri, hiyo ni Ford, kampuni ile ile mleta uzi anasifu kwa kuhesabu kila senti. Jasho la watu lilikuwa ndani ya hesabu.

#8 Nyundo

Thika umenijibu kiume. Nitakitafuta. Lakini mkuu mleta uzi hapo umeguswa, maana Cortina yako imeingia dosari.

#9 Kabureta Mbili (mleta uzi)

Imeingia, na ndiyo raha ya kusoma pande zote. Sifa yangu kwa Ford ni ya ofisi ya mipango, si ya sakafu ya kiwanda. Kitabu cha Beynon kinakaa rafu moja na cha Edwardes kwangu, wanazozana usiku kucha.

#10 Shangazi wa Tanga

Vijana hamjambo. Naona mnahesabu pauni tu. Mimi mapenzi yangu ni magari ya kifahari, marehemu mume wangu alikuwa dereva wa wakubwa, na nyumbani kulikuwa na vitabu hivi vizito vya picha za Rolls-Royce.

Mleta uzi, vitabu vya picha usivibeze mpaka mwisho. Mtu asiyewahi kuona Silver Ghost ya 1907 atajuaje walivyokuwa wanang'arisha shaba? Ila nawe una hoja, maana katika vitabu vile vyote utakuta hadithi ya Rolls na Royce kukutana hoteli ya Midland, Manchester, Mei 1904, kisha utakuta ushindi, kisha utakuta picha ya malkia. Rolls mwenyewe alifia kwenye ajali ya ndege 1910, aya mbili wamemaliza. Na kwamba kampuni ilifilisika 1971 kwa sababu ya injini ya ndege, wanaiandika kama mtu anayetaja deni mbele ya wageni.

Kilichonikuna ni kitabu cha W. O. Bentley, maisha yake kwa kalamu yake, 1958. Gari lake lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara 5, 1924 na kisha 1927 mpaka 1930. Mwaka 1931 hana hela, kampuni inauzwa. Kampuni ya Napier walikuwa karibu kuichukua, mara ikajitokeza taasisi ya fedha isiyojulikana, ikapanda dau, ikashinda. Bentley alikaa siku kadhaa hajui ameuzwa kwa nani. Kumbe ni Rolls-Royce wamejificha nyuma ya pazia. Na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya mkataba, akawa mwajiriwa wa washindani wake. Anasimulia bila kulia, ndiyo maana inauma.

Na mkipita Dar, ile Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni kisha na Mwalimu iko Makumbusho ya Taifa. Kaitazameni.

#11 Kabureta Mbili (mleta uzi)

Shangazi, shikamoo. Cha Bentley sikuwa nimekiweka kwenye orodha yangu na kinastahili kuwa juu. Na ni kweli, ni nadra sana mwenye jina kwenye gari kuandika mwenyewe jinsi jina lake lilivyonunuliwa.

#12 Boda Mstaafu

Haya yote mazuri lakini hayajazi tangi. Kitabu gani kitanisaidia kufungua injini? Hivyo vya kina Issigonis nitavisomea wapi, chini ya gari?

#13 Kabureta Mbili (mleta uzi)

Mkuu umenifikisha nilikokuwa naelekea. Kama ningeruhusiwa kuokoa aina moja ya vitabu vya magari ya Kiingereza, ningeokoa vya Haynes.

John Haynes akiwa bado mwanafunzi alijenga gari kutokana na Austin Seven kuukuu na akaandika kijitabu akawauzia watu. Baadaye yuko jeshi la anga, Aden, hapa hapa jirani yetu, mwenzake akanunua Austin-Healey Sprite iliyochoka. Wakafungua kitabu cha kiwanda: hakisaidii kitu. Kimeandikwa kwa fundi mwenye kila zana. Haynes akatafuta kamera, wakaifungua injini hatua kwa hatua, kila hatua picha. Kitabu kikatoka 1966, nakala 3,000 zikaisha ndani ya miezi 3. Kuanzia hapo kanuni ikawa ile ile: gari linanunuliwa, linafunguliwa lote, linafungwa tena, na aliyefungua ndiye anayeandika. Zimeuzwa zaidi ya nakala milioni 200. Mzee alifariki 2019.

Hivyo vitabu havimsifu mtengenezaji wala kumlaumu. Anakwambia bolti hii ni ngumu kufikiwa, toa kwanza redieta. Na ukisoma cha Mini na cha Cortina kwa pamoja, unaona kwa macho hoja yangu ya post ya kwanza. Gia za Cortina unatoa giaboksi peke yake kwa chini, kama magari mengi ya wakati ule. Kwenye Mini injini na giaboksi ni kitu kimoja, ukitaka kugusa gia lazima vyote vitoke. Aliyefeli hesabu mara 3 hakuwaza bili ya gereji.

#14 MjukuuWaFundi

😂😂 Hapo umempiga marehemu na kabari. Ila Mini ilishinda rali ya Monte Carlo 1964, 1965 na 1967, iandikwe hivyo.

Nyongeza kwa wanaonunua: gari nyingi za miaka ya 40 na 50, spana za milimita hazikai kwenye nati zake, zinakula kona. Kitabu kitakwambia nati ni za kipimo gani. Na kabla hujafunga redio au chaja kwenye Minor ya zamani, angalia betri. Upande wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Fundi kijana anaunganisha kwa mazoea, moshi unatoka.

#15 Boda Mstaafu

Sasa tunaongea. Nina 109 Series III, ilikuwa ya shamba. Haynes ninunue ipi?

#16 MjukuuWaFundi

Kwanza fungua boneti utuambie ni petroli au dizeli. Kwa Series II, IIA na III vipo viwili tofauti, cha petroli na cha dizeli, wauzaji wa mtandaoni wanavichanganya na majalada yamefanana. Ukitaka kuzama zaidi, kile cha kiwanda chenyewe Brooklands Books wamekichapa upya, kizito lakini kina kila kitu hadi vipimo vya kupanga gia. Nauli ya posta uulize kabla, inaweza kupita bei ya kitabu.

#17 Boda Mstaafu

Petroli. Ila aliyekuwa nayo kabla yangu amechomeka injini ya Toyota.

#18 MjukuuWaFundi

Basi cha Land Rover nunua kwa ajili ya chesi, breki na difu, kurasa za injini waachie watoto wachoree.